Kutoka Gisenyi hadi Kamembe kwa miguu: wapi uache njia, na nini ukiache nyuma

Wengi wanaokuja kwetu hapa Birere, mjini Goma, kukodi begi na hema wana swali moja: "Nitamaliza kwa siku ngapi?" Njia wanayoizungumzia ni Congo Nile Trail, kilomita 227 za vilima upande wa Rwanda. Inaanzia Gisenyi, hatua chache kutoka bariyeri yetu ya mpakani, na kuishia Kamembe, ng'ambo tu ya Bukavu. Kwa miguu watu huhesabu siku 10. Basi mteja anakodi kwa siku 10 kamili, anatembea akiangalia saa, na siku ya 10 begi limerudi. Ukimuuliza ameona nini, anasema ameona ziwa Kivu.

Ziwa hilo ameoga ndani yake tangu utoto. Yaliyo bora katika safari hii hayako juu ya njia yenyewe. Yako pembeni, nusu siku au siku nzima kutoka pale alama zinapokuelekeza, na mtu aliyejibana kwa siku 10 hawezi kuyafikia. Kwa hiyo tumebadilisha utaratibu wetu: ukikodi kwa siku 10, siku mbili za nyongeza hatukulipishi. Na kila begi kubwa linatoka na kibegi kidogo ndani yake, cha kubeba maji, koti la mvua na chakula cha mchana.

Kibegi hicho kimezaliwa na cherehani yangu. Kila msimu nashona mikanda ya mabega iliyong'oka, na karibu yote inang'oka mahali pamoja: pale juu, mkanda unapoungana na mgongo wa begi. Mtu amebeba kilo 15, anashuka mteremko wa matope, na kila anapoteleza uzito wote unavuta mshono ule kwa ghafla. Mimi mwenyewe ulining'okea juu ya Kinunu, nilipoacha njia na mzigo wote mgongoni. Nilifunga kwa kipande cha kamba, bega likachubuka hadi damu, na vilima vyote nilivyokuwa nimevipanga baada ya hapo nikaviacha. Nilishika barabara kubwa hadi Karongi nikiwa na uchungu moyoni. Tangu siku hiyo ninamwambia kila mteja: kabla ya kwenda pembeni, begi kubwa libaki ulikolala. Wenye nyumba za wageni kwenye njia hii wamezoea kulinda mizigo, omba tu kwa heshima.

Kinunu ndipo pa kwanza pa kusimama kweli. Utafika jioni ya siku ya pili ukitembea kawaida, na usiku huo usipange kuondoka alfajiri. Kando ya ziwa kuna kituo cha kuoshea kahawa, na kuanzia mwezi wa tatu hadi wa sita kinafanya kazi. Kahawa nyekundu inamwagwa kwanza ndani ya maji. Iliyo nzito inazama, iliyo nyepesi inaelea na kuondolewa. Ikishamenywa inalazwa kwenye matangi mpaka ule ute ulegee, kisha inapitishwa kwenye mifereji ya saruji huku watu wakiisukuma kwa mbao, na maji yenyewe yanaipanga kwa uzito. Halafu zinakuja meza ndefu za wavu. Akina mama wanakaa pande zote mbili, vidole havitulii: punje iliyotobolewa na mdudu inatoka, iliyovunjika inatoka, iliyobaki na ganda inatoka. Omba kushika punje chache zikiwa bado mbichi. Zinateleza kama sabuni, na harufu yake haifanani hata kidogo na ya kikombe.

Kwa sisi wa ng'ambo hii, kutazama kazi ile kunagusa pabaya. Kwa miaka mingi wakulima wa Kalehe na Idjwi, huku Kongo, walivusha kahawa yao usiku kwa mitumbwi kwenda kuiuza Rwanda, kwa sababu kwao hapakuwa na pa kuioshea wala mnunuzi wa bei ya haki. Wengi walizama, na wajane wao bado wako. Ukisimama Kinunu ukatazama magharibi, maji unayoyaona ndiyo yale waliyoyavuka.

Shida ni kwamba msimu wa kahawa ndio msimu wa mvua. Mwezi wa tatu hadi wa tano njia ni utelezi mtupu, na jua la uhakika huja mwezi wa sita hadi wa nane. Ukiniuliza, nakushauri mwanzo wa mwezi wa sita: kahawa ya mwisho bado iko mezani na udongo umeanza kushika. Ukienda mapema zaidi, chukua kwetu mfuko wa plastiki mzito wa kuweka ndani ya begi. Kifuniko cha nje peke yake hakizuii mvua ya Kivu, maana maji huingilia upande wa mgongo.

Katikati ya safari unafika Karongi, mji ambao wazee wanauita bado Kibuye. Hapa zitumie zile siku mbili zote ukiweza. Jioni, tafuta wavuvi wa sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani. Mitumbwi mitatu inafungwa pamoja kwa miti mirefu, taa zinawashwa, na wavuvi wanaimba wakipiga makasia kutoka nje ya ghuba. Samaki wanaifuata taa, kwa hiyo usiku wa mbalamwezi kali hakuna kazi ya maana. Angalia mwezi kabla ya kupanga. Sambaza wenyewe ni wageni katika ziwa letu: waliletwa kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, na leo ni vigumu kufikiria sahani ya Goma bila wao. Kisiwa cha Napoleon kiko karibu pia, na popo wake ni wengi ajabu. Ukiwa na saa chache, panda juu yake, ila usikipe siku ambayo ingekupeleka Bisesero.

Bisesero iko juu milimani, na motari, dereva wa pikipiki ya abiria, anakufikisha. Mwaka 1994 Watutsi wa vilima hivyo walikusanyika pale na kujitetea kwa mawe, fimbo na mikuki, wiki baada ya wiki, dhidi ya watu wenye bunduki. Makumi ya maelfu waliuawa, waliopona ni wachache mno. Ukumbusho una nyumba tisa ndogo zinazopanda na kilima, moja kwa kila komine, yaani wilaya ndogo, ya mkoa wa Kibuye wa wakati ule, na chini kabisa mikuki tisa imesimikwa katikati ya mawe. Tangu 2023 mahali hapo pamo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Panda polepole, usiingie na kelele, na picha uombe ruhusa kwanza. Mteja wetu mmoja, baba wa makamo kutoka Bukavu, aliporudisha hema alikaa kwenye benchi yetu muda mrefu akizungumzia mawe yale tu.

Barabara hiyo hiyo ikizidi kupanda inakufikisha Gisovu, penye mashamba ya chai ukingoni mwa msitu wa Nyungwe. Baridi ya usiku kule si ya Goma, vaa sweta. Asubuhi utaona wachumaji na vikapu mgongoni, majani mawili na chipukizi, mkono huu na ule, na nyuma yao msitu mweusi unaanza ghafla kama ukuta. Humo ndani umo mto Rukarara, ambao Mjerumani Richard Kandt alisema mwaka 1898 ndio chanzo cha mbali cha Nile. Hapo ndipo jina la njia linapoeleweka. Mvua inayoanguka upande wa mashariki wa mgongo huu wa milima inakwenda Nile. Ya magharibi inaingia Kivu, inatokea Bukavu kwa mto Ruzizi, inafika Tanganyika na mwisho inakuwa mto Kongo.

Maji ya moto ya Nyamyumba utayakuta siku ya kwanza. Yapite. Ni karibu na nyumbani, utarudi Jumapili yoyote na watoto. Daraja la juu ya miti la Uwinka, mita 160, ni zuri, lakini liko mbali ndani ya Nyungwe na linadai gari na malipo ya hifadhi. Ni bora ulifanyie safari yake.

Wengine wanatuuliza mbona hatuandiki juu ya Nyiragongo au Kahuzi. Milima ile ni yetu na tunaipenda, lakini leo hatuwezi kumtuma mteja huko tukalala usingizi.

Kuhusu hati: karatasi inayokuvusha kwenda soko la Gisenyi na kurudi jioni si ya safari hii. Uwe na pasipoti, na saa za bariyeri uulize siku ile ile ya kuondoka, maana hubadilika.

Mnaoishi Bukavu mtakuwa mmefika kwenu mkivuka tu kutoka Kamembe, kwa hiyo tukubaliane mapema namna begi litakavyorudi Goma. Na likirudi na matope, liache hivyo hivyo. Sabuni ya unga inakula ule utando wa ndani unaozuia maji. Sisi tutalikausha kivulini na kulipiga brashi, kisha nitaukagua ule mshono wa juu kabla halijatoka tena.