Barua kwa mwanangu kabla ya ubatizo wake

Mwanangu mpendwa,

Swali lako la juzi limeninyima usingizi. Uliniuliza, "Mama, nikibatizwa Jumapili halafu Jumatatu nikawaka hasira kama kawaida yangu, si nitakuwa nimelowa bure?" Nilikujibu harakaharaka, na jibu lenyewe halikuniridhisha hata mimi. Ngoja nijaribu tena.

Mimi nilizamishwa nikiwa na miaka 16. Mahubiri ya siku ile nimeyasahau. Nakumbuka kiganja cha mchungaji kisogoni, maji yakiniingia masikioni, na nyimbo za watu kukatika ghafla. Kwa muda mfupi sikuwa na pumzi wala pa kushika. Miaka mingi baadaye, nikisoma Warumi sura ya 6, nikatambua nilikuwa wapi: kaburini. Paulo anasema tulizikwa pamoja na Kristo kwa njia ya ubatizo. Tumezoea kusema maji yanaosha, na ni kweli, ila kwangu hilo pekee halitoshi. Sufuria ukiisugua inabaki sufuria ileile. Aliyezikwa hajitoi mwenyewe. Mimi sikuinuka, mwanangu, niliinuliwa.

Sasa hiyo hasira yako. Msome Nikodemo, yule mkubwa wa Wayahudi katika Injili ya Yohana. Alimwendea Yesu usiku, akaambiwa kwamba mtu asipozaliwa mara ya pili hawezi kuuona ufalme wa Mungu. Akashangaa: mzee atarudije tumboni mwa mama yake? Yesu akamjibu kwamba mtu asipozaliwa kwa maji na kwa Roho hawezi kuuingia ufalme huo. Yohana haandiki popote kwamba aliondoka pale ameamini. Katika sura ya 7 anamtetea Yesu mbele ya wakubwa wenzake, kwa swali moja tu, wakamkemea. Lakini ukifika sura ya 19, Yesu amekufa msalabani, wanafunzi wengi wametawanyika, yeye huyo anakuja na manukato ya manemane na uudi, ratili mia hivi, kumzika Bwana. Mzigo wa namna hiyo haufichiki. Mimi naamini uchungu wa kuzaliwa kwake ulianza usiku ule.

Ubatizo utaupokea mara moja tu. Jumatatu ukikosa, utatubu kama mtoto wa nyumbani, si kama mgeni anayepiga hodi upya.

Jumapili vaa nguo nzito kidogo, zisizoelea majini. Nitakuwa ukingoni nimeshika taulo.

Mama yako