Swahiba, hiyo ya Armenia umeibeba nusu

Mambo vipi mwanangu, za huko?

Voisi yako ya juzi nimeisikiliza mara mbili. Eti tukamwone mwalimu mkuu chesi iwe somo la lazima "kama Armenia" halafu baada ya miaka kumi tunakuwa na magrandmasta, wale wenye cheo cha juu kabisa cha chesi. Ngoja kwanza aisee.

Ni kweli 2011 wale jamaa waliifanya chesi somo la lazima shule za msingi, darasa la 2 mpaka la 4, mtoto ana kitabu chake cha chesi kama cha hesabu. Na nchi yenyewe ina watu kama milioni 3 tu, Dar peke yake inawazidi. Ila cheki miaka vizuri: dhahabu ya Olimpiadi ya chesi, yale mashindano ya timu za mataifa, walibeba 2006 Turin, wakabeba tena 2008 Dresden, somo lilikuwa bado. Hata ile ya 2012 Istanbul, dogo aliyeanza darasani 2011 si alikuwa bado anajifunza farasi anaruka vipi! Somo lilikuta watu washapagawa kitambo.

Aliyewapagawisha watu, mimi naona ni mtu mmoja, mcheza chesi Tigran Petrosian. Kazaliwa Tbilisi, Georgia, wazazi Waarmenia, wakafa akiwa bado kijana wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, akawa anafagia ili apate kula. Huyohuyo 1963 akampiga Botvinnik, bingwa wa wakati huo, akawa bingwa wa dunia mpaka 1969. Mechi zilikuwa zinapigwa Moscow, na kule Yerevan, mji mkuu wa Armenia, watu wamejaa uwanja wa Opera wanaangalia ubao mkubwa, muvu ikiingia inapachikwa pale, kila mtu kocha, yaani kama wazee wa bao pale chini ya mwembe tu ila umati mzima. Leo sura yake iko kwenye noti ya dram 2000, hela ya Armenia, na jumba kuu la chesi Yerevan lina jina lake. Mpaka kuna grandmasta mwingine kazaliwa 1984, mwaka uleule mzee aliofariki, naye anaitwa Tigran Petrosian, wala si ndugu, na kabeba dhahabu ya Olimpiadi na timu ya Armenia. Mimi mwanzoni nilidhani ni mtu mmoja kafufuka 😂

Na alivyokuwa anacheza sasa! Wewe ukiona kete unakula tu, yeye anakuwekea ngome, kete kubwa kabisa, mdomoni makusudi. Tafuta gemu yake na Reshevsky, Zurich 1953, muvu ya 25, ngome inaenda kukaa palepale askofu wa mpinzani, kete ndogo kuliko ngome, anapoweza kuila, kisa farasi wake apate njia ya kwenda kukaa katikati. Ikaisha sare lakini mimi niliirudia wiki nzima na bado naona kama uchawi.

Halafu usisahau hela. Serzh Sargsyan alikuwa rais wa nchi na hapohapo ndo mkuu wa chama cha chesi. Sisi mwalimu wetu wa michezo anaomba mpira mmoja mwaka mzima.

Kinachonimaliza zaidi ni 2022. Levon Aronian, staa wao, alishahamia Marekani mwaka mmoja nyuma, watu wakasema basi kwisha habari. Wakaenda Olimpiadi ya Chennai, India, bila yeye wakarudi na medali ya fedha, nyuma ya Uzbekistan tu. Yaani ukitoa mmoja chini yake wamepangana wengine, na hao hawajaletwa na barua ya mwalimu mkuu.

Kwa hiyo mwalimu mkuu tumwache kwanza. Jumamosi mimi naweka bodi mbili pale kijiweni karibu na wazee wa bao, madogo wakichungulia tunawaachia wacheze. Njoo na seti yako, na tafadhali mtafute yule farasi mweusi, nimechoka kuchezea kifuniko cha soda.

Msalimie mama.