Malalamiko: mmefungua kreti langu la ndege na kuliacha kwenye mvua

Habari za kazi Meneja,

Nawaandikia maana simu hampokei na WhatsApp mnasoma halafu kimya. Kreti langu la mkia wa ndege, RV-9, ndege ndogo inayokuja vipande ukaiunga mwenyewe, kutoka Oregon kule Marekani, mmelitoa bandarini vizuri tu, hapo sina neno, ila mkaja kuliweka nje ya godauni lenu Kurasini na masika hii, mkalifungua bila kuniita, halafu mkanitumia bili ya stoo. Stoo gani wakati mzigo uko uani unanyeshewa?

Namuuliza kijana wenu ananijibu "si mabati tu hayo bro". Sio mabati. Ile ni aluminiamu ya 2024-T3, ina nguvu kweli lakini chumvi inaila haraka, ndio maana kiwandani wanaivika ngozi nyembamba ya aluminiamu safi pande zote mbili, sasa nyie mmeiburuza kwenye zege mpaka ngozi imechubuka na maji yameingia kati ya shiti zilizolaliana yakakaa humohumo, nimekuta madoa meupe ya unga unga. Hiyo ndio kutu yake, haitoki kwa kitambaa.

Na riveti jamani, vile vijisumari vya kugonga kuungia shiti! Zilikuja kwenye vipakiti, kila kimoja na namba yake, AN470AD4 huku AN426AD3 kule, mmemwaga zote kwenye ndoo ya rangi. Vichwa nitavitofautisha, hizi duara zile bapa, shida ni urefu, zinapishana kidogo mno na ikiwa fupi haishiki, ikiwa ndefu inapinda ukiigonga. Nani atakaa kupima moja moja, nyie? Mimi huku Goba banda nimeshasakafia, meza ipo, kompresa ipo, nilikuwa nasubiri mzigo tu (majirani washaanza kuniita rubani).

Bili ya stoo mfute. Shiti zilizoharibika na riveti zote mlipie mpya pamoja na usafiri wake, na mniandikie nani alifungua kreti na kwa ruhusa ya nani. Picha ninazo. Leseni ya uwakala wa forodha mnapewa na TRA, Jumatatu ikifika hamjanijibu hii barua naipeleka huko.

Kwa sasa vilivyobaki viingizeni ndani leo, juu ya mbao, shiti zisimame wima zisilaliane, na msizigubike turubai maana kwa joto hili zitatoka jasho. Jumamosi nakuja na pikapu kuchukua, na yule kijana asiniguse kitu.