Daftari nililolishika: barua kwa vijana wa barazani na wa maskani, Wete, Pemba

Wanangu, assalamu alaykum.

Nawaandikieni nyote kwa pamoja, mnaokaa barazani na mnaokaa maskani, vijiwe vya pande mbili za siasa, kwa sababu wiki hizi nimesikia mambo niliyowahi kuyasikia. Kijana mmoja anamkanya mwenziwe asinunue sukari kwa fulani. Na maziko ya juzi, wapo waliosimama ng'ambo ya barabara mpaka jeneza likapita.

Marehemu baba yangu akinihadithia Zama za Siasa, ule wakati wa ugomvi wa vyama mwisho wa miaka ya 1950, wakati mimi mtoto wa kubebwa. Watu waligomeana maduka na mabasi, wakasusiana maziko, mpaka visima vikawa na wenyewe. Juni 1961, uchaguzi ulipofika, fujo zikazuka Unguja na watu 68 wakafa. Ya Mapinduzi ya Januari 1964 kila nyumba ina hadithi yake. Lakini ukiwauliza wazee walioyaona, hawaanzi na siku ya kura. Wanaanza na kisima.

Baada ya uchaguzi wa 1995 yakarudi, na safari hii nilikuwa mtu mzima wa karibu miaka 40, nina watoto, naswali safu ya mbele. Tawi letu la chama liliamua kwamba duka la jirani yetu mmoja lisinunuliwe, kwa kuwa yeye ni wa upande wa pili. Mimi ndiye niliyepewa daftari. Lilikuwa daftari la skuli, jalada la buluu. Nikikaa chini ya mwembe ulioelekea dukani kwake, nikiandika kila aingiaye. Siku moja mama mmoja alikuja na kibati cha mafuta ya taa, akaniona, akageuka akarudi nacho kitupu. Nilijua ana mtoto mchanga ndani. Nikafurahi kwamba kazi yangu imeshika.

Yule mwenye duka hakunitupia neno hata moja. Kila asubuhi alifungua milango, akafuta mizani yake, akakaa. Mchele ukaingia fukusi. Mwaka haujesha, alipakia vyombo vyake akahamia Unguja.

Kisha ikaja Januari 26 na 27, 2001. Waandamanaji waliokuwa wakipinga uchaguzi wa 2000 walipigwa risasi, hapa kwetu Wete, Micheweni na kwengineko. Zaidi ya watu 30 waliuawa, na zaidi ya 2,000 wakavuka bahari mpaka Shimoni, Kenya. Atakayenijibu kwamba zile zilikuwa risasi za dola, si za jirani, anasema kweli, na daftari langu halimpunguzii dhambi aliyepiga. Ninachojua ni kwamba siku zile mtaa wetu haukuwa na mzee hata mmoja ambaye pande zote mbili zingemsikiliza. Wazee wa namna hiyo tulikuwa tumeshawamaliza, mmoja mmoja, kwa kuwaandika.

Wakubwa wa vyama viwili, CCM na CUF, walitiliana saini mapatano yaliyoitwa Muafaka, mmoja 1999 na mwengine Oktoba 2001. Karatasi zikabaki makao makuu ya vyama. Kilichotutuliza ni kikao cha Novemba 5, 2009, Rais wa Zanzibar Amani Karume, wa CCM, na Maalim Seif wa CUF walipokaa kitako Ikulu, na kisha jambo likaletwa kwetu wenyewe: kura ya maoni ya Julai 31, 2010, asilimia 66.4 tukasema ndiyo kwa Serikali ya Umoja wa Kitaifa. Uchaguzi wa mwaka ule ulipita kwa utulivu ambao sikuutarajia.

Hapo ndipo nilipopanda meli Mkoani na kikapu cha haluwa ya Wete, nikamtafuta yule mwenye duka. Alinipokea. Tukanywa kahawa, akaniuliza nani kafa, nani kaoa, mvua za vuli zimekuwaje. La duka hakuligusa. Nilipovaa viatu nikajikaza, nikamwambia, "Lile daftari nimelichoma." Akanitazama kidogo, akasema, "Mimi sikukuuliza daftari." Akanisindikiza mpaka njia kuu. Hakuwahi kurudi Pemba.

Uchaguzi wa 2015 ulipofutwa na ule wa marudio kufanyika Machi 2016, kususiana kukarejea kisiwani, na mikarafuu ikakatwa. Mkarafuu hukaa miaka sita, saba, ndipo uanze kuzaa. Nilimwona mtu mzima ameshika tawi lililoanguka, anavichuma vikonyo vya kijani ambavyo havijafaa hata kuanikwa. Sikumuuliza ni wa chama gani.

Sasa mnisikilize vizuri. Siwaambii mnyamaze. Ukidhulumiwa kura, dai. Simama mkutanoni, nenda mahakamani, waambie viongozi wenu waketi na wenzao hata ikiwa hawataki. Amani ya kuogopana siitaki, nimeshaishi ndani yake. Ninachowaomba ni kwamba duka, maziko na harusi visiguswe. Chama kikiwaletea amri ya kumsusa jirani, anayeileta mtakeni aje aiseme mchana, mbele ya wazazi wenu. Na ikiingia simuni picha ya mikarafuu iliyokatwa, kabla hujairusha kwa wengine uliza shamba la nani, lini. Nimeshaonyeshwa picha ya miaka ile ya 2016 kana kwamba ni ya jana, na vijana wameshashika mapanga.

Kuna mzee wa maskani ya kule juu anaumwa tangu wiki iliyopita. Kwa miaka mingi tumekuwa tukipishana bila salamu. Jumapili baada ya alasiri nakwenda kumkagua. Anayetaka tufuatane, wa upande wowote, anikute mlangoni kwa msikiti.