Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya wa Kaunti ya Mombasa: dawa iliyomvimbisha mama midomo

Mheshimiwa Waziri,

Assalaam aleikum. Mimi ni mwalimu mstaafu, mkaazi wa Majengo. Nakuandikia hadharani kwa sababu jambo hili si la mama yangu peke yake, ingawa kwangu lilianza naye.

Alfajiri moja mama aliniita kwa sauti nzito, kama mtu mwenye tonge kinywani. Nilipowasha taa niliona mdomo wa chini umefura na kupinduka, shavu moja limejaa, na ulimi umekuwa mkubwa hata maneno hayatoki sawa. Hakuwa na upele wala hakuwashwa popote. Tulimkimbiza hospitali kwa tuktuk, mimi nimekishika kichwa chake nikisikiliza pumzi. Aliyetupokea aliuliza mama amekula nini jana. Pweza. Basi ikawa ni pweza. Akadungwa sindano, uvimbe ukashuka polepole, tukarudi nyumbani, na mama hakugusa tena pweza.

Hakuna aliyeuliza anakunywa dawa gani. Alikuwa na miezi kadhaa kwenye tembe za presha ziitwazo enalaprili.

Aliyetufungua macho ni kijana wa duka la dawa, nilipokwenda kumnunulia mama tembe za mwezi uliofuata. Alinieleza kwa subira, nami sijasahau. Dawa za jamii hii hushusha presha kwa kukizuia kimeng'enya fulani, yaani protini inayoendesha kazi za kikemia mwilini. Lakini kimeng'enya hichohicho ndicho kinachoivunjavunja kemikali iitwayo bradikinini. Kikizuiwa, bradikinini hurundikana, mishipa midogo huvuja maji, na midomo na ulimi hufura. Koo likifura, mtu hukosa pumzi. Huweza kutokea wiki ya kwanza, na huweza kutokea baada ya miaka mingi ya kunywa tembe bila shida yoyote. Tena, kijana akaongeza, watu wenye asili ya Afrika hupatwa na balaa hili mara kadhaa zaidi kuliko Wazungu. Nilisimama pale dirishani nikajiuliza: kama hili linajulikana, mbona mama hakuambiwa siku alipopewa pakiti ya kwanza?

Dawa ikabadilishwa. Lakini kitabu chake cha kliniki kilijaa, tukanunua kingine, na siku moja akahudumiwa mahali pengine na mtu asiyemjua. Akaandikiwa lisinoprili. Jina jingine, jamii ileile. Siku ya tisa midomo ikafura tena. Safari hii nililia njia nzima, maana mara ya kwanza hatukujua, lakini mara ya pili kulikuwa na wanaojua, ila hapakuandikwa mahali.

Tangu hapo nimesoma kila nilichoweza kukipata, na nimeona kwamba mama yangu si kioja. Dawa moja, dozi moja, miili tofauti. Chukua kodeini, inayotiwa katika baadhi ya dawa za maumivu na kikohozi. Ni ini linaloigeuza kuwa mofini, dawa kali ya maumivu. Wako watu waliorithi nakala za ziada za jeni (maagizo ya mwili tunayorithi kwa wazazi) inayofanya kazi hiyo, nao huigeuza kwa kasi hata dozi ya kawaida ikawa sumu. Ulaya ya Kaskazini watu hao ni wachache sana, lakini utafiti uliofanywa Ethiopia miaka ya 1990 uliwakuta ni karibu asilimia 29 ya waliopimwa. Mombasa ina familia nyingi zenye asili ya Pembe ya Afrika na Bara Arabu. Mwaka 2017 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo kali kwamba kodeini isitumiwe kutibu maumivu au kikohozi kwa watoto walio chini ya miaka 12.

Au chukua upungufu wa kimeng'enya kiitwacho G6PD, ambao uko kwetu Pwani kwa sababu malaria iko kwetu Pwani: jeni inayouleta huwakinga watu kwa kiasi na malaria kali, ndiyo maana imeenea penye mbu. Lakini mwenye upungufu huo akinywa primakwini, dawa ya malaria, au dapsoni, dawa ya ukoma, chembe nyekundu za damu hupasuka, na mkojo huwa mweusi kama chai ya mkandaa. Wavulana ndio hupatwa zaidi, kwa kuwa jeni hiyo iko kwenye kromosomu ya X na wao wanayo moja tu. Jambo hili limejulikana tangu miaka ya 1950. Hata hivyo dawa ya malaria yenye dapsoni, Lapdap, ililetwa kwa ajili ya Afrika, na ikaondolewa mwaka 2008 baada ya kuonekana inawapunguzia damu wagonjwa wenye upungufu huo. Kipimo kipo. Ni tone la damu kidoleni.

Sasa hapa, Mheshimiwa, naomba unisikilize vizuri, maana najua jambo hili linaweza kugeuzwa vibaya. Siombi nesi amtazame mtu rangi, nywele au jina ndipo achague tembe. Hapa Mombasa mtu huyo atakosea kabla ya saa nne asubuhi. Mwaka 2023 jarida la Nature lilichapisha utafiti wa vinasaba vya watu 80 wa kale, baadhi yao wamezikwa hapo Mtwapa. Ulikuta kwamba wengi wa mababu zetu Waswahili walikuwa na asili ya Afrika, hasa upande wa mama, iliyochanganyika na asili ya Uajemi, hasa upande wa baba, mchanganyiko ulioanza yapata mwaka 1000. Ongeza Mijikenda, Wahadhrami, Wahindi, Wabaluchi na wenzetu wa bara. Ndugu wawili wa tumbo moja wanaweza kurithi jeni tofauti. Takwimu za jamii zinamwambia daktari aulize nini na apime nini. Hazimwambii huyu aliyekaa mbele yake ana nini.

Na fomula za kugeni nazo zisiletwe kama zilivyo. Mwaka 2013 Marekani walijaribu kupanga dozi ya warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, kwa kufuata jeni. Kwa wagonjwa Weusi fomula hiyo ilifanya vibaya kuliko ile isiyotumia jeni kabisa, kwa sababu aina za jeni walizozitazama zilikuwa zaidi zile zinazopatikana kwa Wazungu. Sisi tukipimwa wenyewe, mambo huwa mengine. Utafiti mmoja wa presha uliofanywa katika nchi sita za Afrika, Kenya ikiwemo, kwa wagonjwa 728, ulionyesha mwaka 2019 kwamba mchanganyiko wenye amlodipini, dawa ya presha ya jamii nyingine, hushusha presha vizuri zaidi kuliko ule usiokuwa nayo. Mama anakunywa amlodipini sasa. Presha yake imetulia.

Afya iko mikononi mwa kaunti tangu 2013, kwa hivyo ombi langu nalileta kwako, silipeleki Nairobi. Bodi ya Dawa na Sumu inayo fomu ya manjano ya kuripoti madhara ya dawa, na inayo kadi ya tahadhari ya kupewa mgonjwa. Miaka yote niliyozunguka na mama, sikuona hata moja mezani. Amuru ziwekwe katika kila zahanati ya kaunti, kuanzia Likoni hadi Kisauni, na kila anayeandika dawa aulizwe kila mwezi ameripoti madhara mangapi. Agiza kila kitabu cha mgonjwa kiwe na ukurasa wa kwanza wa dawa zilizomdhuru, uhamishwe kwenye kitabu kipya kabla cha zamani hakijatupwa. Nunua vipimo vya G6PD, primakwini ya siku nyingi isitolewe kwa kubahatisha. Na mgonjwa anayepewa tembe za presha za jamii ya enalaprili aambiwe kwa Kiswahili, kwa mdomo: ukiona midomo inafura, acha dawa, njoo mbio.

Mengine, maabara kubwa na utafiti wa jeni za watu wa Pwani, nayo nayataka, ila najua yana gharama na muda. Karatasi na kalamu hazina udhuru huo.

Mama sasa hutoka na kipande cha karatasi nilichomwandikia kwa mkono wangu: majina ya dawa mbili na neno HAPANA. Amekikunja mara nne, amekifunga kwenye pindo la leso pamoja na nauli. Jasho limeanza kuufuta wino, nami nimeshakiandika upya mara tatu. Naomba apewe kadi.

Wako katika kutumikia watu wa Mombasa,

Mwalimu mstaafu, Majengo