Barua ya Mwisho wa Muhula wa Kwanza kwa Wazazi

Lubumbashi, Desemba

Wapendwa wazazi, ba papa na ba mama,

Buletini, yaani ripoti za matokeo, zitatolewa Ijumaa saa nne, mkononi mwa mzazi mwenyewe, si kwa kaka wala kwa jirani. Choo cha wasichana kimetengenezwa. Soksi ni nyeupe, tumeshasema. Sasa nizungumze juu ya darasa la 8.

Mliokuja siku ya maonyesho mliona wenyewe. Kwa ninyi ambao hamkuja, na viti vitupu vilikuwa vingi: watoto wetu walitundika ukutani njia nzima ya chakula, kila kiungo kwa kipimo chake. Umio wa sentimita 25. Ini la mbao lenye kilo moja na nusu, sawa na la mtu mzima, na mfuko wa nyongo chini yake. Kongosho ya kitambaa. Halafu utumbo mwembamba: mpira wa maji wa meta 6, umekunjwakunjwa, na utumbo mpana wa meta moja na nusu ukiuzunguka. Mzazi mmoja daktari alituambia kwamba katika mtu hai utumbo huo ni mfupi zaidi, kwa kuwa misuli yake hujikaza. Watoto waliandika hilo palepale kwa chaki.

Kisha wakaleta bukari, yaani ugali. Waliikoroga katika maji, wakagawa vikombe viwili, kimoja wakatia mate. Walivishika kwapani vipate joto la mwili, kisha wakadondosha iodi, dawa inayogeuka nyeusi ikikutana na wanga. Kikombe kisicho na mate kikawa cheusi kama wino. Chenye mate hakikubadilika, maana mate yalikwisha kuvunja wanga na kuufanya sukari. Nimefundisha miaka mingi, na siku hiyo nilijisikia fahari kweli.

Mama mmoja alinilalamikia kwamba bintiye alisimamishwa mbele ya watu aeleze mwisho wa njia ile. Mama, binti yako ndiye aliyeeleza vizuri kuliko wote. Alisema maji mengi hunyonywa na utumbo mwembamba, na utumbo mpana humalizia. Kipindupindu kikiingia, utumbo mwembamba humwaga maji kuliko yanavyoweza kurudishwa. Ndiyo sababu mgonjwa hupewa lita moja ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi: sukari na chumvi hupenya pamoja ukuta wa utumbo, maji yakafuata. Huku akimbizwe hospitali. Katika mji huu, mvua zikianza, nani anaona haya kujua hayo?

Na sasa jambo lililoniuma. Jumatatu iliyofuata tulikuta utumbo mwembamba umekatwa. Zaidi ya nusu haipo. Tuliupata kwenye kibanda cha kuoshea magari, unamwagia teksi maji. Wavulana watatu wa humaniti, madarasa ya juu ya sekondari, waliuuza, wakala mikate. Wakubwa wale, wenye ndevu! Walipoulizwa walicheka. Na baba wa mmoja wao akaja ofisini kwangu mimi mkuu wa shule kusema, "Prefe, ni kipande cha mpira tu." Papa, wadogo wa darasa la 8 waliomba mpira huo nyumba kwa nyumba, wakauosha, wakaupima. Mwanao hatapata buletini mpaka meta 6 zirudi, kwa jasho lake, si kwa mfuko wako. Watatu hao watazibua mifereji ya shule wiki nzima, na atakayekosa siku moja anaanza upya.

Wanaokosa Jumamosi: Jumamosi ni siku ya masomo.

Minervali, yaani ada ya shule. Kuna wazazi ambao tangu Septemba hawajatoa hata faranga moja. Mtoto huja na kikaratasi, "Prefe, vumilia wiki moja," na wiki hiyo imekuwa muhula. Iodi ile ilinunuliwa kwa pesa za waliolipa, na watoto wenu waliitumia bila kuulizwa. Walimu nao wana matumbo, na yanajua kabisa wakati wa kula. Aliyepoteza kazi au mwenye mgonjwa nyumbani aje tuzungumze, tutapanga kulipa kidogokidogo. Hilo sijawahi kulikataa. Lakini wewe unayepita mbele ya shule na gari jipya ukinipigia honi ya salamu, salamu hizo usinipe tena kabla ya kupita kwa mhasibu. Yupo kuanzia saa mbili hadi saa saba. Muhula wa pili, asiye na risiti hataingia darasani.

Prefe wa Masomo