Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Maji ya Kijani na Kazi Iliyo Mbele Yetu

Ndugu wanachama,

Mambo ya ada na vikao yamo katika taarifa za mhazini na katibu, nami sitayarudia. Nataka kuzungumzia lile lililotusumbua mwaka mzima: mabwawa ya mapambo kugeuka kijani. Mmetuuliza sana mtie dawa gani. Msimamo wa kamati ni kwamba dawa ije mwisho. Ukijani huo ni mwani, mimea midogo ya majini, na mwani hauoti pasipo chakula, kwa hiyo tuanze kwa kutafuta chakula hicho kinaingilia wapi.

Chakula chenyewe ni fosforasi na naitrojeni. Vinaletwa na mbolea inayosombwa na mvua kutoka bustanini, majani yanayooza, kinyesi cha bata, na mikate ambayo wageni huwatupia bata hao kwa nia njema kabisa. Njia nyingine ni bomba, na hii wengi hawaishuku. Katika miji mingi maji ya kunywa hutiwa fosfeti, yaani chumvi yenye fosforasi, ili risasi ya mabomba ya zamani isiyeyukie majini. Kwa mnywaji ni kinga. Kwa bwawa ni samadi. Jua likikausha maji nasi tukajazia, kinachopaa ni mvuke tu. Chumvi na virutubisho vinabaki na kuzidi kukolea. Ule mstari mweupe wa chokaa ukingoni ndio ushahidi. Basi kujazia peke yake hakutoshi, lazima sehemu ya maji ya zamani itolewe.

Tena mabwawa haya huundwa mapana, yenye kina kifupi na yasiyo na kivuli, kwa sababu msanifu anataka anga ionekane ndani yake. Mwanga hufika sakafuni na maji hupata joto upesi. Mwani hauhitaji zaidi.

Anayedhani fedha humaliza jambo hili alitazame bwawa lililo mbele ya Lincoln Memorial, jengo la kumbukumbu ya Rais Lincoln huko Washington, Marekani. Lina urefu wa zaidi ya mita 600. Lilijengwa upya kati ya 2010 na 2012 kwa takriban dola milioni 34, likapewa na mfumo mpya wa kuzungusha na kuchuja maji. Wiki chache baada ya kufunguliwa likajaa mwani. Likakaushwa, likasafishwa, ozoni, gesi ya kuua vijidudu, ikaongezwa. Mwaka 2017 likakaushwa tena baada ya bata wapatao 80 kufa kwa vimelea jamii ya wale wa kichocho, ambao hukulia ndani ya konokono. Siwacheki wenzetu. Bwawa la wazi ni kiumbe hai, na mkandarasi akishaondoka kazi ndiyo kwanza inaanza.

Sasa mrututu, ile chumvi ya buluu yenye shaba, maana najua umo kwenye stoo zenu. Unaua mwani, kweli. Lakini shaba haiozi. Hujilimbikiza kwenye tope, na katika maji laini kiasi kidogo tu hudhuru samaki. Mwani ukifa wote kwa mpigo, bakteria wanaouozesha hunyonya oksijeni, na alfajiri mnawakuta samaki wamepanda juu wakitweta. Virutubisho navyo vinarudi majini kulisha kizazi kipya. Ikibidi kuutumia, tibuni sehemu ya bwawa, msubiri, ndipo mwende sehemu nyingine. Na mkiona utando wa kijani-buluu unaofanana na rangi ya ukutani iliyomwagika, msikimbilie dawa: huenda ni sianobakteria, yaani bakteria wanaoishi kwa mwanga kama mwani, na seli zake zikipasuka humwaga sumu. Zuieni watoto na mbwa kwanza, kisha maji yapimwe.

Katika bwawa moja tulilolikagua, utando mzito ulikuwa umesukumwa na upepo ukajibana kona moja, kijiti kinasimama ndani yake, ilhali midomo ya kufyonza taka za juu ilikuwa upande wa pili kabisa. Pampu nzima, chujio safi, na maji machafu. Aliyeifunga hakuuliza upepo unavumia wapi. Kwa maoni yangu kosa la namna hii hugharimu kuliko uchakavu wa mashine, na hakuna kemikali ya kulitibu.

Kukausha bwawa zima kuna hatari zake. Maji ya ardhini yakiwa juu, sakafu tupu inaweza kuinuliwa na kupasuka, na viziba-maungio vikikaa juani muda mrefu hukakamaa. Mara nyingi kunyonya tope bwawa likiwa na maji kunatosha.

Kwa hiyo kamati inaleta mapendekezo mawili yapigiwe kura. Kila mwanachama aweke daftari la fosfeti, joto na kiasi cha maji yaliyojaziwa. Pili, chama kisitoe ushauri kwa bwawa jipya ambalo mwenyewe hajatenga bajeti ya matunzo kabla ya kumwaga zege. Najua la pili litawaudhi wasanifu walio miongoni mwetu. Waje na hoja zao mkutanoni.

Mwenyekiti